Kuishi Bila Mfuko wa Nyongo: Mambo Ambayo Mfanyakazi Yampasa Kuyajua



Katika mazungumzo ya wakati wa chai, hapa Juba na hata kwa wenzetu wa mashambani, huzuka mara kwa mara habari za mtu aliyepasuliwa tumbo akatolewa mfuko wa nyongo. Mmoja alisafiri mpaka Kampala kwa matibabu, mwingine Nairobi, mwingine alipasuliwa papa hapa mjini. Anaporudi kazini, maneno huanza. Huyu husema mgonjwa amebaki nusu mtu. Yule husema hawezi tena kula nyama wala kubeba gunia. Wa tatu husema asiye na nyongo hana nguvu na hatafika mbali. Na mara nyingine msimamizi naye huyasikia maneno hayo, akaona ni rahisi kumwondoa mtu kazini kuliko kumngojea apate nafuu.

Maneno ya namna hii huweza kumkosesha mtu mkate wake. Kwa sababu hiyo inatupasa tuelewe mfuko huo hufanya kazi gani, kwa nini hutolewa, na mwili hubadilika vipi baada ya miezi na baada ya miaka. Jibu lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya kutuliza moyo: mtu aweza kuishi na kufanya kazi bila mfuko wa nyongo mpaka uzeeni. Sehemu ya pili ni ya kuonya: mwili wake hauko sawasawa kabisa na zamani, na yako mambo ambayo lazima ayaangalie maisha yake yote, hasa sukari, mafuta na ini. Anayejua sehemu moja tu hujidanganya.

NYONGO NI NINI?

Kila aliyewahi kuchinja mbuzi au ng'ombe aujua mfuko wa nyongo. Ni kile kifuko cha kijani kilichoshikamana na ini. Mchinjaji hukitoa kwa uangalifu, kwani kikipasuka nyama yote huwa chungu. Ndipo Waswahili wakasema kwamba jambo lililoharibika limetumbukia nyongo. Binadamu naye anacho kifuko hicho, upande wa kulia chini ya mbavu, chenye urefu wa sentimita 7 hadi 10.

Wengi hudhani kwamba nyongo hutengenezwa na mfuko huo. La, hutengenezwa na ini, usiku na mchana, kiasi cha nusu lita hadi lita moja kila siku. Mfuko ni ghala tu. Wakati hujala, nyongo huingia humo, maji yake hufyonzwa ikawa nzito, na hukaa hapo kiasi cha mililita 30 hadi 50 ikingoja kazi. Ukila chakula chenye mafuta, utumbo hutoa homoni inayouambia mfuko ujikamue. Nyongo hushuka kwa mfereji wake mpaka utumbo mwembamba, na huko huyafanyia mafuta kazi ile ile ambayo sabuni huifanya kwenye sahani: huyavunja yawe vidonge vidogo vidogo ili mwili uweze kuyatumia.

Tuchukue mfano wa kiwanda. Ini ni mtambo, mfuko wa nyongo ni tangi, na mfereji ni bomba. Ukiling'oa tangi na kuunga bomba vizuri, mtambo hausimami. Kinachobadilika ni kwamba maji hayatoki tena kwa mkupuo saa yanapotakiwa. Hutiririka kidogo kidogo kutwa kucha.

Wala binadamu asiye na mfuko si kiumbe wa ajabu. Ngamia hana mfuko wa nyongo tangu kuumbwa kwake. Farasi hana. Tembo naye hana, na hakuna amwitaye tembo dhaifu.

Lakini liko jambo moja la kukumbuka, maana tutalirudia mbele. Chumvi zilizomo katika nyongo hutengenezwa kwa lehemu, yaani yale mafuta ya damu ambayo madaktari hutuonya habari zake. Mwili una gramu chache tu za chumvi hizo, nazo hazitupwi ovyo. Baada ya kufanya kazi, karibu asilimia 95 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudishwa kwenye ini, zikatumika tena. Safari hiyo huzunguka mara kadhaa kila siku. Kile kidogo kinachopotea chooni, ini hukifidia kwa kutengeneza kingine. Ni utaratibu wa akiba ambao mhasibu yeyote angeusifu.

MAWE HUTOKA WAPI?

Mfuko hutolewa aghalabu kwa sababu ya mawe. Nyongo ikiwa na lehemu nyingi kupita kiasi, au mfuko ukizembea kujikamua, lehemu hugandamana ikawa chembe, na chembe huwa mawe. Wafanyakazi wa machinjioni huyaona mawe ya namna hiyo katika ng'ombe, na wako wafanyabiashara wanaoyanunua kwa bei kubwa kwa ajili ya dawa za kienyeji za Asia. Katika mwili wa binadamu hayana faida yoyote.

Wanaopatwa zaidi ni wanawake, hasa waliozaa mara nyingi, watu wanene, watu wenye kisukari, na wenye umri uliosogea. Hali kadhalika, mtu anayekonda kwa ghafula, au anayekaa muda mrefu bila chakula, mfuko wake hukaa umejaa bila kujikamua, na nyongo huganda. Mfanyakazi anayekunywa chai ya sukari asubuhi, akashinda bila kula, kisha akala mlo mmoja mzito usiku, ajue kwamba desturi hiyo haiupendezi mfuko wa nyongo.

Yako mawe ya namna nyingine, meusi, yasiyotokana na lehemu. Hayo hutokana na chembe nyekundu za damu zinapovunjika kwa wingi. Watu wenye ugonjwa wa seli mundu huyapata sana kadiri wanavyokua. Ugonjwa huo umeenea katika nchi zetu zenye malaria, kwa hiyo hapa kwetu hata kijana mwembamba aweza kuwa na mawe. Mzazi asishangae daktari akimwambia hivyo juu ya mtoto wake.

Wengi wenye mawe hawajui kama wanayo, wala hawaumwi kamwe. Madaktari kwa kawaida hawampasui mtu asiyeumwa. Shida huanza jiwe linapoziba njia. Hapo hutokea maumivu makali juu ya tumbo upande wa kulia, mara nyingi saa chache baada ya chakula cha mafuta. Maumivu huelekea mgongoni au bega la kulia, pamoja na kichefuchefu na kutapika. Jiwe likishuka na kuziba mfereji mkubwa, macho huwa ya njano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, na choo huwa cheupe.

Hapa tutahadhari. Macho ya njano hayaletwi na mawe peke yake. Malaria kali huyaleta, na ugonjwa wa ini uletwao na virusi huyaleta pia. Nchini mwetu tuliona mlipuko wa homa ya ini ya aina ya E katika kambi za Maban mwaka 2012, na baadaye Bentiu. Vilevile desturi ya kusema "ana nyongo" kila mtu anapotapika maji ya njano akiwa na homa inatupoteza. Mtu wa namna hiyo mara nyingi ana malaria, na dawa yake ni kupimwa damu upesi. Mawe ya nyongo hujulikana kwa kipimo cha altrasaundi, ambacho hakiumi na hakikati mwili.

Tena wako wauzaji sokoni wanaosema wana dawa ya kuyatoa mawe kwa njia ya haja kubwa. Humnywesha mgonjwa mafuta mengi na maji ya limau, na kesho yake humwonyesha vidonge vya kijani chooni. Vidonge hivyo vimepimwa maabara na kuonekana ni aina ya sabuni, iliyoundwa tumboni kwa yale mafuta na limau yenyewe. Mawe bado yamo mfukoni, ila pesa zimetoka.

UPASUAJI WENYEWE

Mtu wa kwanza kutolewa mfuko wa nyongo kwa upasuaji alipasuliwa na daktari Carl Langenbuch katika mji wa Berlin, Ujerumani, tarehe 15 Julai 1882. Mgonjwa alikuwa mwanamume wa miaka 43 aliyeteswa na maumivu kwa miaka 16, naye akapona. Wakati ule madaktari wengi walitoa mawe tu na kuuacha mfuko, na mawe yakarudi. Langenbuch alijua kwamba wako wanyama wanaoishi bila mfuko huo, akaamua kuling'oa ghala lenyewe.

Kwa zaidi ya miaka mia upasuaji ulikuwa wa kukata tumbo kwa jeraha refu. Mwaka 1985, Ujerumani pia, daktari Erich Mühe alifanya upasuaji kwa matundu madogo, akitumia darubini iingizwayo tumboni. Leo njia hiyo ndiyo ya kawaida katika hospitali zenye vyombo. Pasipo vyombo hivyo, upasuaji wa jeraha refu bado hutumika nao huponya. Tofauti iko katika muda wa kupona, na mfanyakazi lazima aijue. Aliyepasuliwa kwa matundu aghalabu huweza kurudia kazi nyepesi baada ya wiki moja au mbili. Aliyepasuliwa kwa jeraha refu huhitaji wiki nne hadi sita, na asibebe mizigo mizito kabla ya daktari kumruhusu. Akiharakishwa, jeraha la ndani huachia na kuleta ngiri ya kovu. Hapo atapasuliwa mara ya pili.

MIEZI YA KWANZA

Sasa nyongo hutiririka moja kwa moja utumboni. Kwa watu wengi mwili huzoea baada ya wiki chache, nao hula chakula cha kawaida bila taabu. Mafuta huyeyushwa vya kutosha. Hakuna dawa ya kumeza maisha yote kwa sababu tu ya kukosa mfuko wa nyongo, na anayekuuzia dawa hiyo anakuibia.

Hata hivyo, baadhi ya watu huharisha. Sababu ni kwamba nyongo nyingi hufika utumbo mpana kabla haijafyonzwa, na huko huvuta maji. Mtu huhitaji choo upesi baada ya kula, hasa asubuhi. Kwa mfanyakazi wa mstari wa mashine, ambaye haruhusiwi kuondoka mpaka kengele ilie, jambo hili ni la aibu na la mateso. Wengi hupata nafuu wenyewe kadiri siku zinavyopita. Kwa wale ambao haliishi, iko dawa ya unga iitwayo kolestiramini, ambayo huishika nyongo ndani ya utumbo. Kwa hiyo asinyamaze kwa haya, amwambie daktari. Tena ajue kwamba dawa hiyo huzishika hata dawa nyingine, kwa hiyo asizimeze kwa wakati mmoja.

Kuharisha kukiendelea miezi na miezi, mwili waweza kupungukiwa na vitamini zinazosafiri pamoja na mafuta, yaani A, D, E na K. Lakini kwa mtu asiyeharisha upungufu huo si wa kawaida.

BAADA YA MIAKA: SUKARI, MAFUTA NA INI

Hapa ndipo penye elimu mpya, na ndipo penye maneno mengi ya kupotosha. Zamani madaktari waliiona nyongo kama sabuni tu. Mwaka 1999 wataalamu walitambua kwamba chumvi za nyongo ni wajumbe vilevile. Zinapogusa ini na utumbo hufungua vipokezi maalumu, na vipokezi hivyo hutoa amri: ini lipunguze au liongeze kutengeneza nyongo, mwili uhifadhi mafuta au uyachome, sukari itumike namna gani. Kwa hiyo nyongo ina sehemu katika hesabu nzima ya chakula mwilini.

Mwenye mfuko hutuma wajumbe hao kwa zamu, wengi wakati wa chakula, wachache wakati wa kufunga. Asiye na mfuko hana zamu hiyo kama zamani. Chumvi zake huzunguka mara nyingi zaidi, hata usiku akiwa amelala. Wataalamu wanauliza: je, mabadiliko hayo ya zamu hulichanganya ini katika kazi yake ya kugawa mafuta na sukari?

Mwaka 2013 ulichapishwa Marekani uchunguzi uliotumia takwimu za afya za watu zaidi ya 12,000, zilizokusanywa kati ya mwaka 1988 na 1994. Waliotolewa mfuko wa nyongo walionekana kuwa na ini lenye mafuta mara nyingi zaidi kuliko watu wasiowahi kuwa na mawe, hata baada ya kuzingatia umri, uzito na mambo mengine. Wenye mawe ambao hawakupasuliwa hawakuonyesha uhusiano huo. Chunguzi za nchi nyingine zimekuta pia kwamba waliopasuliwa huwa mara nyingi zaidi na kundi la maradhi yanayokwenda pamoja: kitambi, shinikizo la damu, sukari nyingi na mafuta mabaya katika damu.

Ini lenye mafuta ni ini lililojaza mafuta ndani ya chembe zake, hata kwa mtu asiyegusa pombe. Kwa miaka mingi haliumi. Kwa baadhi ya watu huvimba, likafanya makovu, na mwisho huharibika. Tena huenda sambamba na kisukari.

Je, basi upasuaji ndio unaoleta maradhi haya? Tusikimbilie kusema hivyo. Aliyefanya mawe ya lehemu mara nyingi alikuwa tayari mnene, tayari na mwili usioitii vizuri insulini, ambayo ni homoni ya kuingiza sukari katika chembe. Hali hiyo hiyo iliyomletea mawe ndiyo itakayomletea kisukari na ini lenye mafuta, apasuliwe asipasuliwe. Ni kama moto shambani: ukiona moshi na majivu mahali pamoja, usiseme moshi umeleta majivu. Chunguzi za kulinganisha watu zaonyesha mambo yanayokwenda pamoja, lakini peke yake hazithibitishi lipi limezaa lipi.

Kuna na jambo la tatu, la kibinadamu kabisa. Mtu aliyeogopa nyama na mafuta kwa miaka kwa sababu ya maumivu, akishatolewa mfuko maumivu huisha, naye hula kulipiza. Baada ya mwaka mmoja mkanda haufungi tena. Halafu husema upasuaji umemnenepesha.

Kwa hiyo kauli ya busara ni hii. Mawe ya lehemu ni kengele. Upasuaji umeondoa mawe, lakini chanzo kilichoyaleta bado kimo mwilini, na huenda kukosa mfuko kunaongeza uzito kidogo upande huo huo. Mtu asijutie upasuaji aliouhitaji. Mfuko uliooza au mfereji ulioziba huweza kuua katika siku chache, na ini lenye mafuta huchukua miaka na laweza kuzuiwa. Yule ambaye mawe yake yalitokana na seli mundu hesabu yake ni nyingine, maana chanzo chake ni damu. Yeye aendelee na kliniki yake ya damu.

AFANYE NINI ALIYETOLEWA MFUKO?

1. Ale mara tatu au nne kwa siku kwa kiasi, badala ya mlo mmoja mkubwa. Kama zamu yake haina mapumziko ya kutosha, hilo ni suala la kuletwa mbele ya tawi.

2. Mafuta asiyaache kabisa, ila ayapunguze na kuyagawa. Samaki wa Nile, ful, mboga za majani, uwele na mtama ni chakula chema. Vyakula vya kukaanga katika mafuta yaliyotumika mara nyingi aviache. Mboga yenye siagi ya karanga ale, lakini kwa kipimo.

3. Sukari ndiyo ya kuogopwa zaidi kuliko wengi wanavyodhani, kwani ini huigeuza sukari ya ziada kuwa mafuta. Glasi ya chai yenye vijiko vinne vya sukari, mara tano kwa siku, ni vijiko ishirini. Soda na vinywaji vya kutia nguvu viko katika hesabu hiyo hiyo.

4. Pombe huongeza mzigo wa ini. Ini lenye mafuta na pombe havipatani.

5. Asikonde kwa ghafula. Apunguze uzito polepole kwa kula vizuri na kutembea. Anayebeba mizigo kutwa ameshafanya mazoezi. Mlinzi, dereva na karani wanaokaa kutwa watafute njia ya kutembea kila siku.

6. Apimwe mara moja kila mwaka. Shinikizo la damu likifika 140 kwa 90 ni la juu. Sukari ya damu kabla ya kula ikifika 7.0 katika kipimo cha milimoli, yaani 126 katika kipimo cha miligramu, na ikathibitishwa kwa kurudia, ni kisukari. Kiuno kikipita sentimita 94 kwa mwanamume au 80 kwa mwanamke ni dalili ya hatari. Utepe wa fundi cherehani watosha kukipima.

7. Akipata maumivu yale yale ya zamani, homa ya kutetemeka na macho ya njano, aende hospitali siku hiyo hiyo. Mawe huweza kubaki au kuzaliwa katika mfereji hata kama mfuko haupo.

8. Ahifadhi karatasi zake za hospitali. Wengi wetu tumetibiwa nchi moja na kuishi nchi nyingine, na daktari mpya hawezi kusoma tumbo kwa macho.

Na wewe ambaye bado una mfuko wako, maagizo ya 1 hadi 6 ni yako pia. Yanayolinda ini la aliyepasuliwa ndiyo yanayozuia mawe kwa asiyepasuliwa.

UPANDE WA KAZI

Ndugu zangu, ushauri wa daktari hauna maana kama mazingira ya kazi yanaupinga. Mtu ameambiwa ale kidogo kidogo, lakini mapumziko ni ya dakika chache. Ameambiwa asibebe mizigo kwa wiki sita, lakini asipobeba halipwi. Ameambiwa choo kiwe karibu, lakini kiko mwisho wa uwanja na ufunguo anao msimamizi. Mambo haya hayatatuliwi na mgonjwa mmoja mmoja.

Sheria ya Kazi ya Sudan Kusini ya mwaka 2017 ndiyo msingi wetu. Kila tawi liwe na nakala yake, na kila mwanachama ausome mkataba wake kabla hajaugua. Ni vema pia kujua majirani wanafanyaje. Kenya, kwa sheria yake ya ajira ya mwaka 2007, humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika kila mwaka. Tanzania, kwa sheria yake ya mwaka 2004, hutoa siku 126 katika kipindi cha miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 za pili kwa nusu. Mtaona mara moja kwamba siku 7 na 7 hazimtoshi aliyepasuliwa kwa jeraha refu. Tukikaa mezani na waajiri tuijue hesabu hiyo.

Tena upo Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982. Unasema kwamba kutokuwepo kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa au kuumia si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Uganda na Kongo zimeuridhia. Hata mahali ambapo nchi haijauridhia, kanuni yake yaweza kutajwa katika majadiliano, na makubaliano ya hiari baina ya chama na mwajiri yaweza kuiandika.

Basi mwenzenu akirudi kutoka upasuaji, tawi lifanye mambo manne. Kwanza, limsaidie kupata barua ya daktari inayotaja muda wa kupumzika na kazi anazoweza kufanya. Barua haina haja ya kueleza ugonjwa wenyewe, kwani hiyo ni siri ya mgonjwa. Pili, liombe kazi nyepesi kwa muda huo, kwa ujira ule ule. Tatu, lihakikishe anaruhusiwa kwenda choo bila kuomba mbele za watu. Nne, lizime maneno. Msimamizi akisema "huyu hana nyongo, hafai", ajibiwe kwa utulivu: ini lake linatengeneza nyongo kama lako, na daktari ameandika siku ya kurudia kazi kamili. Siku hiyo ikifika, apimwe kwa kazi yake.

Nasi wenyewe tuache mzaha wa kumwita mtu nusu mtu. Leo ni yeye, kesho ni mimi au wewe. Mfanyakazi hana shamba kubwa wala akiba benki. Mali yake ni mwili wake na wenzake. Kila mmoja na ajue kiuno chake, sukari yake na shinikizo la damu yake, na amjue mwenzake anayehitaji msaada. Mikutano ya matawi iwe na dakika kumi za afya kila mara, na utepe wa kupimia uwekwe mezani pamoja na kitabu cha kumbukumbu.